Damu Iliyomsingizia Mama

Mwezi uliopita ndugu zangu waliibomoa nyumba ya zamani ya mama. Hakuna aliyelala humo tena. Mama alikuwa amehamia nyumba ya mawe waliyomjengea, na sasa hata huko hayupo, tumemzika. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya migomba nikiwatazama. Ukuta wa kwanza ulipoanguka ilinijia ile harufu, na ninyi wa rika langu mliolelewa ndani ya nyumba za udongo mnaijua: masizi ya miaka, samadi iliyokauka, moshi ulioingia kwenye fito ukakataa kutoka. Mdomoni nikapata ladha ya damu. Haikuwa damu ya kweli, lakini nilipitisha ulimi kwenye meno kuhakikisha.

Nyakundi, ndugu yangu mdogo, alikuwa anang'oa fito za chumba cha kulala. Akachomoa kitu ukutani, akakiinua juu.

"Oneni, gunzi la mahindi! Panya wa nyumba hii walikuwa na adabu. Wakitoka wanafunga mlango."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, maana mzaha wenyewe ulikuwa mzuri, na yeye hana kosa. Gunzi hilo lilipowekwa pale Nyakundi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hajui lile shimo halikuwa la panya.

Mimi si mwandishi wa kitu. Niliishia darasa la saba, na huwa naandika jioni mambo yangu ya siku ili nisiyalalie. Kwa hiyo msinishike sana kwenye maneno. Mengine hapa niliyaona, mengine niliambiwa, na mengine huenda nimeyapika mwenyewe kwa kuyarudia kichwani. Nitajaribu kuyatenganisha.

Nyumbani kwetu ni kwenye mteremko, ukitoka Birongo unapanda. Miaka hiyo chai ilikuwa ndiyo inaingia, vichaka vyake vifupi, na watu wengi bado walikuwa na pareto. Tulikuwa tunachuma yale maua meupe na kuyaanika kwenye mikeka, na harufu yake ilitukaa kichwani hadi kanisani siku ya Sabato. Mimi nilikuwa msichana pekee, na nilikuwa mtoto wa alama. Nikigongwa na mlango, ubavu unavilia damu. Mbuzi akinivuta kwa kamba, kiganja kinageuka rangi ya zambarau. Nikijikata na jani la nyasi, damu ilitoka polepole, bila haraka, kama mgeni anayeaga mlangoni na haondoki. Watoto wa baba mdogo walinipa jina. "Kibuyu kilichotoboka! Msimguse, atamwagika!" Wakati mwingine nilijiita hivyo mwenyewe kabla hawajasema, ili niwawahi.

Kitu kikubwa kilianza na jino. Lilikuwa jino la utoto, la mbele, lilikuwa limelegea, nami nikalisukuma kwa ulimi hadi likatoka. Nikafanya kama watoto wote, nikalitupa juu ya paa na kuomba jipya. Wenzangu hutema mate mekundu mara mbili tatu wakaendelea na mchezo. Mimi nilitema asubuhi hiyo yote, na mchana bado natema, na kifuani nguo imekuwa ngumu kama ngozi. Mama akanilaza kitandani, akanishikia kitambaa. Nilipokohoa lilitoka bonge la damu jeusi, linateleza kama ini.

Ndipo Magokoro akaingia. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mama yake baba. Alikuja na utando wa buibui uliochanganywa na masizi. Ni dawa ya kuziba kidonda, na mikono yake ilikuwa mepesi, hilo nalisema kwa haki. Aliniweka ile dawa kwenye pengo akasubiri. Damu ikaisukuma dawa nje. Akaweka tena. Kisha akageuka akamtazama mama, akamtazama kwa muda.

"Mke wa mwanangu, toka nje kwanza."

"Ni mtoto wangu, mama."

"Ndiyo sababu nakwambia utoke."

"Nimefanya nini?"

"Hilo wajua wewe. Toka, damu ipumue."

Mama akatoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na sasa nitawaambia jambo ambalo lilinisumbua miaka mingi: baada ya yeye kutoka, damu ilikata. Haikukata papo hapo. Magokoro alinikalia pale, kifuniko cha chungu nilichotemea kikamwagwa mara nyingi, jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Lakini ilikata, na mama alikuwa nje. Magokoro akawaambia watu wa boma kwa sauti ya mtu aliyehuzunika kwa kuwa amesema kweli: "Mmeona wenyewe."

Kwetu kuna jambo linaitwa amasangia. Sijui niliseme vipi kwa Kiswahili likaeleweka. Mke akishiriki kitanda na mwanaume mwingine kwa siri, kisha mtu wa nyumba yake akaumia au akaugua, basi yule mke akiingia alipo mgonjwa, hali inazidi. Damu haikatiki. Mgonjwa anaweza kufa mbele yake, na aliyemwua ni yeye kwa kusimama tu pale. Tulikuwa watu wa kanisa, Wasabato, tunaimba na kutoa zaka. Lakini mambo mengine yalikuwa hayaulizi dini ya mtu. Na nisilionee kanisa: ni hilo hilo lililokataza wasichana wapelekwe kutahiriwa, na baba akalitii wakati majirani wengi walitii kwa mdomo tu. Kama si hivyo, nisingekuwa hapa kuandika. Walinipa uhai bila kujua walichonipa.

Mimi hiyo habari niliisikia kwa watoto wa baba mdogo, na niliisikia nusu. "Mama yako alilala kitanda cha watu, ndiyo maana anavuta damu yako." Ile ya kitanda haikunishtua. Kulala kitanda cha watu, ubaya wake nini? Hata mimi nililala cha Magokoro. Lakini ile ya kuvuta damu niliishika. Niliamini kabisa kwamba ndani ya mama kuna kitu kama kamba, na kwamba mwisho wa kamba umefungwa ndani yangu. Akikaribia, inakazika, damu inatoka.

Nikaijaribu. Siku moja tulikuwa tunachuma pareto, mama akiwa mbele na Nyakundi mgongoni, nikachukua mwiba nikajichoma kidole. Tone likatoka likakaa. Nikasogea kwa mama hatua moja moja, macho kwenye kidole. Lile tone likawa kubwa, likavunjika, likashuka hadi kiganjani. Nilipomfikia, akageuka, akaona.

"Kemunto! Umejichoma na nini?"

Akakinyonya kidole, akakifunga kwa jani, akakishika kwa nguvu ndani ya ngumi yake, na jani likalowa. Nami nilisimama pale nikijua. Hakuna aliyenihubiria tena. Nilikuwa nimeona mwenyewe.

Tangu hapo, kila nilipovuja, mama alitolewa nje. Jino la pili, goti, mguu niliokata kwa jembe. Baba hakusema kitu. Naomba nimwangalie baba vizuri hapa, maana ni rahisi kumhukumu. Hakumpiga mama hata siku moja, na wanaume wengi wa siku hizo wangempiga. Hakumrudisha kwao pia, ingawa ndugu zake walimwambia ng'ombe wa mahari bado wanajulikana rangi zao, waende wakachukue. Alikaa tu upenuni na mguu wake umenyooshwa juu ya kigoda. Baba alikuwa na goti. Ndivyo tulivyosema, "baba ana goti," kama mtu anavyokuwa na duka. Lilikuwa linavimba kwa vipindi, linakuwa la moto na gumu kama boga, kisha linashuka, lakini kila likishuka linaacha mguu umekunjika zaidi kuliko jana. Alichechemea kwenda kupima majani ya chai na alichechemea kurudi. Ugonjwa huo ulikuwa na maelezo yake: jirani wa chini, yule tuliyegombana naye mpaka wa shamba, alikuwa amezika kitu njiani. Hakuna aliyemuuliza mama habari za goti.

Mama hakutaka kukaa mbali. Siku moja nilipolala na kitambaa mdomoni nilisikia ukuta unakwaruzwa upande wa kichwa changu. Udongo ukadondoka kwenye blanketi. Ikaingia ncha ya panga, ikazungushwa, ikatoka. Kisha mwanga mdogo, kisha jicho.

"Nisikilize," jicho likasema. "Ukinitaka, toa gunzi. Ukimsikia nyanya yako anakuja, rudisha."

Akalisukuma gunzi kwenye shimo, likaenea sawasawa. Magokoro akitoka kuchota maji nilikuwa nalitoa, na mama ananisimulia mambo madogo: kuku amehamia wapi, nani amepita barabarani na mzigo gani. Kidole chake kilikuwa kinaingia shimoni nami nakigusa. Sijui kama nyanya yangu hakuliona lile shimo. Alikuwa na macho makali. Huenda aliliona akaliacha, na kama aliliacha, basi hilo nalo liandikwe upande wake.

Kwa maana Magokoro alinipenda. Aliponikalia alikuwa ananisimulia habari za baba ili nisilie. "Baba yako alipotahiriwa, wenzake walipona wakaanza kuwinda ndege, yeye bado anavuja. Alivuja hadi tukamtandikia nyasi mpya kila asubuhi. Na hakulia! Mwanangu huyo ni dume."

"Kwa nini alivuja hivyo, Magokoro?"

"Jicho la watu. Alikuwa mtoto mzuri mno, walimwonea wivu."

"Na wewe, walikutoa nje?"

Alinishangaa. "Mimi? Mimi wanitoe kwa nini?"

Nimeandika maneno hayo kama ninavyoyakumbuka. Nimeyarudia mara nyingi, huenda nimeyanyoosha. Lakini lile la nyasi mpya sikulibuni.

Halafu ikaja siku ya ulimi. Nilianguka kwenye mawe ya kisima nikaukata kwa meno yangu, na ulimi ni mahali pabaya, hapafungiki kwa kitambaa. Nilimeza damu hadi tumbo likachafuka nikaitapika. Magokoro aliogopa, niliona anavyoogopa. Akaenda kuita watu. Gunzi likasogea.

"Kemunto. Mwanangu. Toa gunzi."

Nikalitoa. Kidole kikaingia. Nami nikahisi mdomoni damu inajaa tena, na kile kidole kiko pale, karibu na uso wangu, na nilikuwa najua ninachokijua.

"Mama," nikasema, na maneno yalitoka yamelowa, "nenda mbali. Inazidi."

Kidole hakikutoka mara moja. Kilikaa. Kisha kikatoka, polepole, na shimo likabaki na mwanga tu.

Nilipona, kama mnavyoona. Na kabla sijapona vizuri, Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa Sabato na hakuna aliyetaka kuivunja, niliona wazee wamekaa karibu na zizi. Niliona kwa lile shimo. Mama alikuwa amesimama mbele yao na leso yake nzuri, ile ya kanisani. Baba alikuwa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa. Mzee mmoja, baba mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyekuwa anauliza.

"Mama Kemunto, umetuita mwenyewe. Sema."

"Nilikosea."

"Na nani?"

Mama alipitisha macho, kama anayetafuta mtu kwenye umati. "Onsongo."

"Onsongo yupi?"

"Aliyekuwa akikata mbao."

Kukawa na mnong'ono. Huyo Onsongo alikuwa amekufa, mti ulimwangukia akikata mbao. Mzee akakuna kichwa. "Umetutajia mtu ambaye hatuwezi kumwita."

"Ndiye huyo, mzee. Sina mwingine."

Shangazi, dada yake baba, akacheka kwa uchungu: "Hata kuzini unachagua maiti!" Wengine wakamwambia anyamaze. Baba alikuwa anatazama goti lake. Mzee akasema aliyekufa hana la kujibu, mbuzi atatosha. Mbuzi akachinjwa, ikafanywa ile kazi ya kumsafisha mama, na sehemu hiyo sikuiona kwa sababu migongo ilijaa mbele ya shimo.

Jioni ile mama aliingia nyumbani kwake, akaketi kwenye kitanda changu, akaweka kichwa changu mapajani. Hakuna aliyemfukuza. Nilifurahi sana. Niseme ukweli, nilifikiri ile kamba wameikata.

Na mambo yalivyo na kejeli, mara iliyofuata ilikuwa pua, mama akiwa ameketi nami, na damu ilikata kabla hata uji haujachemka. Pua wakati mwingine hufanya hivyo. Magokoro akapiga makofi. Likawa limethibitishwa: aliungama, na damu ikasikia. Tangu siku ile baba hakumwita mama kwa jina la mtoto tena. Alimwita "wewe." "Wewe, lete maji." "Wewe, mvua inakuja." Hakumtukana. Alikula chakula chake, alilala nyumbani kwake, na miaka yote iliyobaki alimwita wewe.

Nilipokuwa msichana wa kuvunja ungo, ilikuja ile damu nyingine ambayo wanawake wote huipata, na ya kwangu haikujua kwenda. Wenzangu shuleni walikaa nayo siku chache wakarudi kwenye mpira. Mimi niliketi juu ya majani ya migomba nyuma ya nyumba, mwezi ukafa mwingine ukaandama, nikawa mweupe ndani ya midomo, nasikia masikio yanavuma kama mzinga. Mama alikuwa nami wakati wote. Kwa hiyo Magokoro akaja mlangoni, mzee sasa, na fimbo.

"Hukuwataja wote," akamwambia mama.

Mama alikuwa anakamua kitambaa. Hakuinua macho. "Nitajie wewe, mama, unaowajua. Nitakubali wote. Lakini kwanza mtoto aende hospitali."

Ni baba aliyenipeleka. Alinipandisha nyuma ya baiskeli, na kwa kuwa goti halikuruhusu kupiga pedali, aliisukuma. Aliisukuma mlima na bonde, mama akinishika mgongo, hadi mjini, na tulipofika goti lake lilikuwa limejaa suruali. Mtu aliyefanya hivyo hawezi kuitwa baba mbaya. Nimejaribu kumwita hivyo, sikuweza.

Hospitalini kulikuwa na daktari mgeni, na muuguzi wa kwetu akimtafsiria. Daktari alizitazama alama zangu mwilini, akauliza kitu. Muuguzi akamgeukia baba: "Anauliza, kwenu kuna wanaume wanaovuja damu isiyokoma?"

Baba alifikiri. Nilimwona anafikiri kwa dhati, uso umekunjika, huku mkono wake unakanda goti. "Hapana," akasema. "Kwetu hakuna."

Muuguzi akasema kwa kuwa hakuna, na mimi ni msichana, basi daktari anaona ni jambo la kike tu. Hakudanganya, baba. Yeye goti lake liliharibiwa na jirani wa chini, na ujana wake uliharibiwa na macho ya watu. Damu ilikuwa shida ya mama.

Kisha wakasema ninahitaji kuongezwa damu. Walipima waliokuwepo, na iliyolingana na yangu ilikuwa ya mama. Alilala kwenye kitanda cha pembeni, mkono umenyooshwa, akatazama ile chupa inavyojaa. Halafu chupa ikahamishwa ikaning'inizwa juu yangu. Mwanamke aliyekuwa hawezi kusimama mlangoni nisife, damu yake iliingia ndani yangu tone kwa tone, na yangu ikakoma. Niliporudi nyumbani nilimweleza Magokoro, nikidhani sasa ataona.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Hospitali ina dawa zake," akasema, akaendelea kupepeta wimbi.

Yaliyobaki ni ya ukubwani, nitayapitisha haraka. Niliolewa, nikazaa mvulana, na alipoanza kutambaa magoti yake yalivimba kama maboga madogo. Nilijua nimeyaona mahali. Nikaenda naye hadi Nairobi, na huko daktari mmoja kijana, mwanamke, akatupima sisi wawili, akaniambia jina la ugonjwa: hemofilia. Damu inakosa kitu cha kuigandisha. Nikamwambia niliambiwa huo ni wa wanaume.

"Wanawake pia, mama. Tuliwasahau tu."

Akauliza upande wa mama, wajomba zangu. Wazima wote, nikamwambia, wote wamezeeka. Akauliza kuhusu baba yangu. Sikutaka kuongea, mdomo ulianza wenyewe: goti, na zile nyasi mpya kila asubuhi. Yule binti akaweka kalamu chini.

"Basi ni yeye. Baba mwenye hii hali huwapa mabinti zake wote. Wavulana wake hawapati. Kwa hiyo wewe umeipokea kwake, kama ulivyopokea uso wake."

Nadhani alifikiri nalia kwa ajili ya mtoto.

Fikirieni nami. Ile damu waliyoisimamisha mbele ya wazee kuwa shahidi dhidi ya mama ilikuwa imetoka kwa baba. Kila tone lilikuwa linasema mimi ni wa yule mtu pale kwenye kigoda, na wao wote, na mimi mwenyewe na mwiba wangu, tulilisikia linasema kinyume.

Baba alikuwa amekufa, na Magokoro pia. Nilisafiri moja kwa moja hadi kwa mama. Nilimkuta anatoa maharagwe kwenye maganda, nikaketi chini, nikamweleza yote kama daktari alivyonieleza. Aliendelea kuambua. Mwishoni nikamuuliza lile nililokuwa sijathubutu.

"Kwa nini Onsongo?"

"Hakuwa na mke wa kuumia," akasema. "Wala mama. Nilitafuta sana. Kila nikipita njia ya kwao huwa namwomba radhi."

"Na kwa nini ulikubali, mama?"

Alinitazama, na nilijua anaona shimo na kidole. Hakulisema. Hakulisema hata siku moja maishani mwake. Alisema, "Nilitaka kuingia ndani."

"Sasa unaweza kuwaambia."

"Wote niliowaambia wamekufa, Kemunto. Amebaki shangazi yako tu, na yeye hasikii vizuri. Sasa nikamwambie nani? Nisogezee huo ungo."

Na mwezi uliopita, siku ya kumzika, shangazi akasimama na mkongojo kumsifu. Alimsifu kwa moyo, hakuwa na chuki, machozi yalimtoka. Alisema wifi yake alikuwa mchapakazi, na mkarimu, na kubwa zaidi, alikuwa mfano wa toba. "Alianguka ujanani, tunajua. Lakini alikuja mwenyewe mbele ya wazee akaungama, na baba ya hawa watoto akamsamehe. Ni wangapi wanaweza?" Watu wakaitikia amina.

Nikasimama. Nilisema, "Mama hakuanguka." Nilisema, "Ilikuwa goti." Nilijua ninachotaka kusema lakini sikukipanga, na sauti ilikuwa inavunjika. Wanawake wawili walinishika mabega wakaniambia, "Pole, mama, keti, keti, ni uchungu," na mzee wa kanisa akaashiria kwaya, na kwaya ikaanza kuimba. Waliimba vizuri. Niliketi.

Ndiyo maana nimeandika, ingawa sijui kama nimeandika sawa. Mama hakuwa na mtu. Na Onsongo naye, Mungu amweke mahali pema, hakufanya kitu. Alikata mbao tu.